Upande wa Kushoto wa Kichwa cha Mama

Chumba cha Meneja,
Ghorofa ya chini, nyuma ya ngazi.

Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, viatu umevua, na miguu umeiweka juu ya kiti kama ulivyomwahidi daktari. Mgongo unaendeleaje? Mama anasema mtu anayewageuza wagonjwa kitandani kutwa nzima naye anahitaji mtu wa kumgeuza, kwa hiyo mwambie Shemeji ajue kazi yake. Na mapacha je? Kwenye picha uliyotuma, yule mwenye pengo amemshika mwenzake mkono. Nilifurahi, maana katika barua iliyopita ulisema wamenuniana.

Sisi huku hatujambo. Goti la Mama limetulia tangu aache kupanda ngazi na ndoo. Pampu ya maji inakohoa lakini inavuta. Mimi ni mzima mwili wote isipokuwa moyo, na ndiyo sababu barua hii ni ndefu. Tafuta chai kwanza.

Shuleni nimefanya vizuri kila mahali ila kusoma mbele ya darasa. Mwalimu wa fasihi alinisimamisha nisome ukurasa mmoja tu, sauti ikatoka kama ya mbu aliyefungiwa ndani ya chupa. Mtu akasema kutoka nyuma, "Jamani, redio imeisha betri!" Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka ili nisilie. Unanijua. Nikitazamwa usoni, maneno yote yanarudi ndani na kujifungia mlango.

Ndiyo maana kile kichwa ulichoniachia kilikuwa na thamani kubwa kwangu.

Unakumbuka siku unaondoka? Masanduku yalikuwa mlangoni, teksi inapiga honi, nawe ukaniwekea chanuo mkononi ukasema, "Kichwa cha Mama nakukabidhi wewe. Usiniaibishe." Sikukuaibisha sana, Dada. Najua mtindo mmoja tu, twende kilioni, na mistari yangu haikuwahi kufika huko kilioni. Mingine iliishia njiani, mingine iliona bora irudi nyumbani. Lakini Mama hakulalamika. Kila Jumamosi mchana alikaa chini kwenye mkeka na kunipa mgongo, mimi nikakaa kitandani juu yake. Kwa kuwa hakuniona uso, sauti yangu ilitoka bila kuombwa. Nilimsimulia vitabu vyangu. Nikifika penye hatari, vidole vinakaza, naye anasema, "Taratibu, mwanangu, anayekimbizwa si mimi."

Tulikuwa katikati ya riwaya moja nene niliyoazima maktaba. Kijana amefungiwa ghalani na ami yake kwa sababu ya urithi, na moshi umeanza kupenya chini ya mlango. Tukaishia hapo, maana nywele zilikwisha kabla ya sura. Wiki ileile akahamia Msusi.

Simtaji jina kwa sababu hapa hakuna anayelitumia. Yuko ghorofa ya tatu, chumba kinachotazamana na dirisha kubwa la ngazi. Umri wake ni kama wako ulipoondoka. Alikuja na godoro moja, kioo kirefu kuliko yeye mwenyewe, na vigoda vya plastiki vya kutosha kualika harusi. Mama akamwuliza, "Binti, una familia kubwa?" Akajibu, "Kubwa sana, Mama, ila bado hawajanifahamu." Mama akacheka. Mimi nilikuwa nimeshika funguo pembeni na sikuona kilichochekesha.

Mkataba unasema vyumba ni vya kuishi tu. Baada ya muda mfupi vigoda vilikuwa vimetoka chumbani na kujipanga kwenye ngazi chini ya dirisha, kwa sababu, eti, mwanga ni mzuri. Wateja walikaa ngazi kwa ngazi kama wanasubiri kupigwa picha. Yule dereva wa lori wa ghorofa ya nne alipita na mtungi wa gesi begani akiomba samahani kwa kila kichwa. Vipande vya nywele bandia vilishuka na upepo hadi mlangoni kwetu. Kisha sinki zote za upande ule zikagoma. Fundi bomba akaingiza waya wake, akavuta, akavuta, akatoa kitu kirefu cheusi kilicholowa. Akakiinua, akauliza, "Huyu paka ni wa nani?"

Mama akafunga kanga kiunoni. Akaniambia, "Leo huyo binti atanitambua." Akapanda. Nilisimama chini ya ngazi nimetega sikio, nikingojea kelele. Nilisikia kimya. Halafu nikasikia kicheko. Halafu kimya kirefu mno.

Aliposhuka jua lilikuwa limehama upande wa pili wa jengo. Dada, alipanda kugomba, akashuka amesukwa.

Sitakudanganya, zilipendeza. Mistari myembamba iliyonyooka kama imechorwa kwa rula, inatoka kwenye paji la uso, inazunguka sikio, inakutana kisogoni bila kugombana. Alionekana kama kwenye ile picha yake ya ujana. Wapangaji wakamsifu, na kila aliposifiwa alijigusa kichwa kwa ncha za vidole, polepole, kama anayepapasa mtoto aliyelala. Kazi yangu hajawahi kuigusa hivyo. Nikamwuliza kama amemwonya kuhusu sinki. Akasema, "Nimemwonya. Amenielewa vizuri sana." Mistari yenyewe ilionyesha jinsi walivyoelewana.

Tangu hapo Jumamosi zikawa za ghorofa ya tatu. Chanuo lako lilikaa juu ya kabati. Nilijifanya nina kazi nyingi za shule. Mama akiniita nije nimwone, nilijibu bila kuinua macho kitabuni. Jambo lililonichoma kuliko yote si nywele. Ni kwamba hakuwahi kuniuliza habari za yule kijana wa ghalani. Moshi umefika magotini, mtoto wa watu anakohoa, na Mama yangu yuko juu anacheka!

Nilianza kumchunguza Msusi kama mpelelezi. Viatu vyake vilikuwa na visigino vilivyolika upande mmoja. Aliimba vibaya. Alimwita mama yangu "Mama," mkavu kabisa, kana kwamba ameazima na harudishi. Nilipopita na madaftari alisema, "Mdogo wangu, njoo nikuweke sawa hizo nywele," mbele ya wateja wote. Nikasema asante, au nilidhani nimesema. Mteja mmoja akauliza, "Huyu anaongea?" Msusi akamjibu, "Anaongea, ila si na kila mtu." Hata hilo lilinichukiza, kwa sababu lilikuwa kweli.

Sasa sikia balaa. Mwenye nyumba, yule tunayemwita Mzee Rangi kwa ajili ya duka lake la rangi, alikuja kukagua tangi la maji juu ya paa. Kufika ghorofa ya tatu akakuta njia imejaa. Mama mmoja aliyesukwa nusu kichwa alimdhania ni mume wa mteja mwingine, akamsukumia fungu la nywele bandia mikononi. "Baba, nishikie hizi mara moja, mtoto ananililia." Mzee Rangi akazishika. Nadhani mshangao ndio uliomshikisha. Yule dereva akawa anashuka, akamwona na nywele zake mkononi, akasema, "Mzee, hongera kwa kazi mpya! Mimi nipunguzie pembeni tu." Ngazi nzima ikaangua kicheko.

Mzee Rangi hakucheka. Alishuka hadi chumbani kwetu, akakataa kiti, akasema, "Mwezi huu usiishe ngazi zangu zikiwa saluni. Ukishindwa, nitatafuta meneja anayeweza, na chumba hiki kitakuwa chake." Alipoondoka Mama alikaa kitandani na kuitazama ile bodi ya funguo ukutani kwa muda. Unajua hatuna pengine pa kwenda.

Matangazo yote ya jengo hili huandikwa na mimi. Lile la pampu ni langu, lile la takataka ni langu, na watu husema yanasomeka. Mama akaniambia, "Andika tangazo, la adabu. Waambie ngazi si mahali pa biashara. Nitakwenda kuzungumza naye taratibu, tutapata njia."

Nilikaa na kalamu. Nilianza kwa adabu. Lakini nikamwona Mama anajigusa kichwa tena huku anafikiri, na mkono ukaandika wenyewe: "Kuanzia leo ni marufuku kabisa kwa mtu yeyote kusuka au kusukwa nywele mahali popote ndani ya jengo hili. Kwa amri ya Meneja." Mama alikuwa ameinamia bomba linalovuja, ameziba kwa mkono mmoja. Akatia sahihi kwa mkono mwingine bila kusoma, kwa sababu ananiamini.

Nikalibandika mlangoni. Kabla Mama hajaliona, Mzee Rangi alipita, akalisoma mara mbili, akanipigia makofi barabarani pale. "Huyu sasa ndiye meneja! Libaki hivihivi, lisibadilishwe hata nukta." Akalivalisha nailoni kwa mkono wake mwenyewe lisilowe na mvua.

Msusi hakubisha. Aliingiza vigoda chumbani, akafagia ngazi zote mpaka chini. Ngazi zikawa nyeupe na kimya. Jumamosi ikafika. Mama alikuwa amefumua nywele, zimesimama wima. Nikashusha chanuo lako kabatini, nikatandika mkeka, nikachukua mafuta. Nilijiona nimeshinda, Dada. Nilikuwa hata nimerudia ile sura usiku wake ili nisimulie vizuri.

Mama akanitazama. "Unakwenda wapi na hilo chanuo?"

"Nikusuke."

"Humu ndani?"

Sikuelewa.

"Nenda mlangoni," akasema, "kasome tangazo, kisha urudi uniambie kama kichwa changu kimeachwa nje."

Nilisimama tu, mafuta yananitiririka kiganjani. Nikasema kwa sauti ndogo, basi tukasukie nje. Akasema, "Barabarani? Meneja mzima nikae kitako barabarani, watu waniruke? Na nikisukwa humu kwa kujificha, nitamwambia nini yule binti wa juu?" Akajifunga kitambaa cha kichwa. Hakunigombeza, Dada. Angenigombeza ningepumua. Alisema tu, "Umeandika vizuri sana," akaenda kusoma mita za maji.

Basi kitambaa kikawa ndizo nywele za Mama. Jumamosi iliyofuata, kitambaa. Mimi na Msusi tulikuwa tumekosa sote, tena kwa mkono wangu mwenyewe, nami sikuwa na wa kumlaumu zaidi ya yule msichana anayeandika matangazo.

Kisha nikamkuta Msusi kwenye ngazi anashusha kile kioo, amekikumbatia kama anacheza nacho. Saluni za mjini alikozunguka viti vimejaa. Alikuwa anarudi kwa shangazi yake, na huko, alisema, hakuna mtu mwenye haja na msusi mwingine. Nilitaka kupita. Akasema, "Mdogo wangu, nishikie huku chini, kisije kikavunjika." Nikashika. Kioo kikawa katikati yetu, yeye upande wake, mimi upande wangu wa mbao, hatuonani.

"Sina ugomvi na lile tangazo," akasema. "Limeandikwa vizuri mpaka nimelionea wivu. Mimi naandika kama kuku aliyekanyaga wino. Ila nina swali moja kabla sijaondoka."

Tukashuka ngazi moja.

"Yule kijana alitoka ghalani?"

Kioo nusura kinidondoke. Nikamwuliza amejuaje.

"Mama yako! Kila nikimsuka ananisimulia. Tangu mwanzo, tangu urithi. Anaiga mpaka sauti yako. Anasema, 'Hapa mwanangu vidole vinakaza.' Wateja wangu wengine walikuwa wanakuja hata nywele hazijachakaa. Tulipofika kwenye moshi akanyamaza. Anasema ufunguo unao wewe, na siku hizi umekuwa na kazi nyingi, hataki kukusumbua."

Nataka ujue kwamba nilikasirika. Kitabu changu, sauti yangu, vinasimuliwa kwenye ngazi kwa vichwa vya watu! Lakini nilipofika chini nikagundua kwamba nimekasirika huku natabasamu, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa sijibu nikiitwa.

Unaikumbuka stoo ya nyuma, ile yenye makopo matupu ya rangi? Ina dirisha, ina sinki lake linalomwaga moja kwa moja kwenye karo la nje, na ina mlango wake wa uani. Pia ndiko ninakosomea. Nilijitengenezea meza kwa mlango mbovu na makopo, na kwa kweli ni mahali pekee penye mlango ninaoweza kuufunga. Nililifikiria jambo hilo njia nzima ya kwenda dukani kwa Mzee Rangi, na mara mbili nilitaka kugeuka.

Bahati yangu alikuwa ameinama anachanganya rangi, amenipa mgongo. Nikaona kisogo chake, hakina nywele, kina tone moja la buluu. Na sauti, Dada, ikatoka! Nilimwambia yote: kwamba stoo imekaa bure, kwamba hakuna mteja atakayepanda ngazi, wote wataingia kwa uani, kwamba sinki lile haliungani na la mtu mwingine, na kwamba chumba cha ghorofa ya tatu kikiachwa kitakaa kitupu bila kodi.

"Nani anaongea?" akauliza bila kugeuka.

"Mtoto wa meneja."

"Yule asiyesalimia?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Endelea, mbona umesimama?" Akakoroga. "Na wewe utasomea wapi?"

Nikasema kitandani. Akakoroga tena, muda mrefu. Mwisho akasema, "Andika tangazo jipya. Lakini liwe kali vilevile. Lile lilinipendeza." Nikasema litakuwa kali, nikakimbia kabla hajageuka.

Mama aliambiwa na yeye Mzee Rangi, si na mimi. Alikuja akanikuta nahamisha vitabu vyangu kutoka stoo. Akachukua fungu moja, akalibeba hadi chumbani.

Tangazo jipya linasema kusuka ni stoo peke yake, kwa mlango wa uani, na nywele zote zifagiliwe kabla ya kufunga. Safari hii Mama alilisoma lote, polepole, kidole chini ya kila mstari, ndipo akatia sahihi.

Usidhani sasa nimekuwa malaika. Jana, Jumamosi ya kwanza, nilitandika mkeka wetu chumbani, na Mama akanipita na kitambaa chake, moja kwa moja hadi stoo. Stoo yangu! Nilimfuata na chanuo mkononi, nikasimama mlangoni nimevimba kama andazi. Alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, na Msusi ameshaloweka vidole kwenye mafuta.

Msusi akaniona kwenye kioo. Akaniangalia, akaliangalia chanuo, akasema, "Kichwa kina pande mbili. Chagua."

Nikachagua kushoto. Mama hulalia upande wa kulia, kwa hiyo kushoto kunadumu zaidi. Hilo sikumwambia Msusi.

Mama akasema, "Na hicho kioo kigeuzeni ukutani." Msusi hakuuliza kwa nini. Akakigeuza, ukabaki mgongo wa mbao mbele yetu, hakuna uso wa mtu, vidole tu. Nikaanza pale kwenye moshi. Msusi alisuka polepole kuliko kawaida yake, na kila alipomaliza mstari alinisubiri niufikie wangu, lakini sikumwomba.

Leo asubuhi Mama ametoka bila kitambaa. Kulia, rula. Kushoto, unaelewa. Dereva alimwuliza kama upande mmoja alisukwa kwenye lori likitembea. Mama akajigusa kichwa kwa ncha za vidole. Nilikuwa dirishani, nikaona waziwazi ni upande gani.

Msusi ameomba picha yako ile ya kusukwa siku ya kuondoka, anasema anataka kuiga mtindo wako. Nimemwambia siikumbuki ilipo. Iko ndani ya kamusi yangu, na itakaa humo. Na wewe ukija likizo tafadhali njoo na kichwa chako, usije ukanyoosha mkono kwenye cha watu. Nafasi zimekwisha.

Yule kijana bado yuko ghalani. Nimemfikisha dirishani, amelivunja, lakini sijamtoa. Msusi alinisihi, Mama akanisihi, hata mteja aliyekuwa akisubiri akasema, "Mtoto gani mwenye roho ngumu hivi?" Nimewaambia atatoka siku mistari yangu itakaponyooka, na kwa hiyo Jumamosi ijayo wote wawili watakuwa na haraka ya kunifundisha.

Nisalimie Shemeji, na mwambie ule mwavuli aliotutumia, Mama hamwazimi mtu yeyote. Wabusu mapacha, mwenye pengo kwanza ili asiseme amesahauliwa. Mama mdogo na Babu wanakusalimu. Mama anasema Mungu akulinde mgongo na safari zako zote, na mimi naitikia amina kwa sauti ambayo ungeisikia.

Wako akupendaye, mwenye upande wa kushoto,

Mdogo wako,
Kimya